Shikamoo ya Mzee Busara

Jumatatu, 3 Juni

Nimejitoa kwenye kundi la familia. Mara ya nne mwaka huu. Safari hii sirudi ng'o!

Chanzo ni Kaka, kama kawaida. Asubuhi kaweka picha ya mgombea wa chama chake, chama cha Ufunguo, na chini yake kaandika kwamba wafuasi wa Ngazi ni watu wasiojua hata kufunga mlango wakitoka. Mimi ni Ngazi. Kundi zima linajua mimi ni Ngazi. Nikajibu kwamba Kaka ni fundi lifti, na tangu lini fundi lifti akapenda ngazi, si atakosa kazi? Watu wakacheka. Kaka hakucheka. Akawakumbusha wote kwamba ni yeye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, na kwamba nilikuwa na miaka tisa.

Miaka tisa! Mbele ya wapwa! Nikaandika kwamba mtu wa Ufunguo si kaka yangu.

Watu kumi na saba wamesoma, hakuna aliyejibu. Nikaona aibu, nikajitoa.

Mdogo wetu wa kike ndiye msimamizi wa kundi. Anatuendesha kama bunge, ndiyo maana tunamwita Spika. Alinipigia akanitaka nifute kauli. Alisema Kaka alinilea tangu Baba afariki, na maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia aliyeanza kuyamwaga ni Kaka. Akakata simu.

Jumanne, 4 Juni

Nina mpango. Nimeupata kazini, nikiwa nafagia nyuma ya pazia la bluu.

Studio yangu ni chumba kimoja: stuli, taa mbili, kioo cha kujiwekea sawa, na msumari wenye koti. Koti ni la marehemu Baba. Mteja akija na fulana akitaka picha ya kitambulisho, namvika. Kifungo cha pili kilipotea zamani, marehemu Mama akashona cha kahawia kwenye safu ya vyeusi. Nusu ya mji huu wana kifungo cha Mama kwenye vitambulisho vyao, na hawajui.

Halafu kuna droo. Nimeiandika "Wasiorudi". Ni bahasha za watu waliopigwa picha wasije kuzichukua. Humo nimemkuta mzee mmoja mwenye mvi safi na uso wa mtu aliyekwisha kuwasamehe wote. Nimempa jina: Mzee Busara, mwalimu mstaafu, miaka sabini na miwili. Nimemfungulia ukurasa wenye picha hiyo, nimempa na namba yake kwenye simu yangu ya zamani yenye kioo cha ufa.

Hoja ni hii. Kaka ana miaka sitini na mmoja, mimi arobaini na tisa. Hajawahi kumsikiliza mtu aliyezaliwa baada yake. Mzee Busara atamgeuza polepole, mpaka siku moja Kaka mwenyewe aje kuniomba radhi, na hatajua kilichompata.

Nimemwuliza kinyozi wa mlango wa pili, bila kutaja mtu, mzee hugeuzwaje. Kinyozi chama chake ni cha yeyote aliyekaa kitini. Amesema mzee hugeuzwa na mwenye mvi nyingi zaidi. Halafu akaongeza kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na akaniuliza kama nanyoa ndevu au nimekuja kupiga soga tu.

Jumatano, 5 Juni

Balaa!

Nilikaa saa mbili kuandika ujumbe wa kwanza. Lugha ya kiutu uzima, misemo miwili, hakuna matusi. Nikautuma. Ndipo nikausoma mwanzo wake. "Shikamoo Kaka."

Vidole hivi! Tangu nijue kuongea nimemwamkia mtu yule, basi vimekwenda vyenyewe. Mzee wa miaka sabini na miwili anampa shikamoo mtu wa sitini na mmoja! Nikataka kuufuta, tiki zikawa bluu.

Dakika tisa hakujibu. Nilizihesabu. Halafu likaja neno moja: marahaba.

Amepokea! Hakushtuka hata kidogo. Kiburi cha watu wa Ufunguo kimeniokoa. Anaamkiwa na mzee wa mvi naye anapokea kama haki yake.

Baadaye akaniuliza kama nimekula. Swali gani hilo kwa mwalimu mstaafu? Nikajibu kwamba nimekula, nashukuru.

Ijumaa, 7 Juni

Ushindi. Mzee Busara amemweleza Kaka habari ya barabara, na Kaka amekubali kwamba kwa barabara Ngazi wana hoja.

Ngazi wana hoja! Katika maisha yangu yote Kaka hajawahi kunikubalia kitu, hata saa. Nikimwambia ni saa nne, hutazama yake. Nilicheza studio nzima. Kulikuwa na mteja kwenye stuli, nesi aliyetaka picha ya kitambulisho cha kazi, akasema ikiwa nimemaliza anaomba apigwe picha, ana zamu.

Mzee Busara sasa anachangia kwenye kurasa za watu. Ana wafuasi mia mbili na kumi. Mimi nina thelathini na wanne.

Jumapili, 9 Juni

Sikutaka kuandika leo.

Kaka amemwandikia Mzee Busara mambo ambayo hakuniandikia mimi. Ana uvimbe tumboni. Ijumaa asubuhi saa tatu anapasuliwa, hospitali kubwa, ghorofa ya tano. Madaktari hawakumficha: anaweza kutoka, anaweza asitoke. Anayejua ni mkewe peke yake.

Halafu akaandika kwamba ana mdogo wake, alimlea, wamekosana kwa sababu ya ngazi na ufunguo. Anataka kumwona kabla hajaingizwa. Ila hatamwita. Mdogo wake ndiye aliyesema si ndugu, basi aje kwa miguu yake mwenyewe. Akaniuliza: mimi ningekuwa huyo mdogo, ningekuja?

Nikaandika kwamba ningekuja. Akajibu basi vizuri, na akauliza kama nimekula.

Nimelia nyuma ya pazia. Nampenda Kaka. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna atakayeona. Alinibeba mgongoni siku tuliyomzika Baba kwa sababu viatu vilikuwa vinanibana, na hakunishusha mpaka nyumbani.

Lakini nitakwendaje? Mimi sijui kitu! Aliyeambiwa ni Mzee Busara. Nikitokea, ataniuliza nani kaniambia, na hapo mzee wangu amekwisha. Kaka atanicheka, mkewe atanicheka, Ufunguo nzima itanicheka mpaka naingia kaburini. Haiwezekani. Lazima nipate habari kwa njia halali.

Jumatatu, 10 Juni

Njia halali imeshindikana.

Nilimpigia Shemeji, mke wa Kaka, nikamwuliza kama siku hizi matumbo ya watu kwa ujumla ni mazima. Akasema nikamwulize kaka yangu. Nikamwuliza kwani Kaka anaumwa? Akaniuliza nani kasema anaumwa. Nikakata simu.

Nikampigia Spika. Hajui chochote. Aliniambia nirudi kundini, nimsalimie Kaka, basi, neno moja tu linatosha. Nikamjibu nitarudi Kaka akiniomba.

Najua mtu anaweza kufa. Najua sana. Lakini bado siku nne.

Jumatano, 12 Juni

Mwenye uso amekuja kuudai!

Nilikuwa nakata picha, mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Busara kwa miguu yake. Mkasi ulinidondoka. Ni dereva wa lori mstaafu, amekuja kuchukua picha zake baada ya miezi saba. Amefadhaika. Amesema watu sokoni wanampa mkono kwa maoni yake mazuri, na jana mtu wa Ufunguo alimtemea mate kiatuni, naye hajapiga kura tangu alipoacha lori. Mlangoni kinyozi alikuwa ameshamkamata na kumpongeza kuhusu barabara.

Nikamfungulia droo haraka. Nikamwongezea picha mbili za bure.

Alizitazama muda mrefu. Akasema zilikuwa za hati ya kusafiria, aende kumwona ndugu yake mgonjwa. Akaahirisha wiki moja, na nyingine. Ndugu alizikwa mwezi wa pili. Sasa picha hana pa kuzipeleka, ila ameona si vizuri kuziacha kwa watu.

Nikampa pole. Kuna watu hawajui kabisa kupanga mambo yao.

Alhamisi, 13 Juni

Mpango kamili, hauna tundu hata moja.

Yule nesi na wenzake kumi picha zao za vitambulisho ziko tayari. Kesho nazipeleka mwenyewe hospitali, kikazi. Nakosea njia, najikuta ghorofa ya tano. Namwona Kaka kitandani. Nashangaa! Kaka, unafanya nini hapa? Tunasalimiana, tunasameheana, na hakuna anayeuliza nimejuaje kwa sababu nitakuwa nimeshangaa sana.

Nimefanya mazoezi ya kushangaa mbele ya kioo cha wateja. Nyusi juu, mdomo wazi kidogo. Ukifungua sana inakuwa kama jino linauma.

Mzee Busara alimwandikia kumtakia heri. Kaka akajibu maneno matatu: niamkie tu kesho.

Hayo ni maneno ya kumwambia mzee wa mvi? Labda wameshaanza kumpa dawa.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika kwa mpangilio, maana nisipopanga sitaandika.

Saa mbili asubuhi nilikuwa langoni, bahasha mkononi. Nilikuwa na saa nzima. Nikakaa kwenye benchi kupumua, nikafungua simu ya Mzee Busara mara moja tu. Mtu mmoja wa Ufunguo alikuwa amemwita zezeta. Hadharani, mbele ya wafuasi mia tatu. Ningemwacha? Nikamjibu. Akajibu. Nikamjibu. Nilimmaliza kabisa. Nilipoinua macho ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi na mbili.

Nikaizima simu ile ili isije ikalia mbele ya Kaka. Nilijiona mwerevu.

Lifti ilikuwa na karatasi: MBOVU, TUMIA NGAZI. Nikaipiga picha. Nilifikiri itanifaa siku moja kama hoja, fundi lifti kalazwa juu ya lifti mbovu, na ngazi ndizo zinazofanya kazi. Nikapanda. Kifua changu si kizuri tangu utotoni. Ghorofa ya tatu nilikaa chini, mhudumu mwenye ndoo akanipita mara mbili.

Ghorofa ya tano, kitanda kilikuwa kitupu. Shuka bado lilikuwa na bonde la mgongo wake. Miwani yake ilikuwa juu ya kabati dogo, imekunjwa. Nesi, yuleyule wa stulini, aliniuliza kama mimi ndiye Kibiriti. Hilo ni jina alilonipa Kaka utotoni, kwa kuwaka haraka. Nikasema ndiye. Akasema mgonjwa aliomba angojewe dakika kumi, kuna mtu yuko njiani. Walimpa dakika kumi. Wakamwongezea tano. Daktari hakuweza zaidi.

Shemeji alikuwa kwenye benchi ukumbini. Alisogea nikae. Hakunitazama.

Saa saba na nusu daktari alitoka, kofia mkononi.

Kaka amefariki.

Ule uso wa mshangao sikuutumia. Bahasha ya picha za manesi nimerudi nayo.

Jumamosi, 15 Juni

Shemeji amekuja studio. Ameleta simu ya Kaka, anataka picha kubwa ya mazishi. Humo kuna ile niliyompiga mwenyewe mwaka juzi. Alisema nichukue muda wangu, akatoka kukaa nje kwa kinyozi.

Sitajisingizia wema. Nilipoishika simu ile, jambo la kwanza nililofikiri ni kumfuta Mzee Busara kabla hajaonekana na mtu.

Nikamtafuta. Hayumo. Nikaandika Mzee. Hayumo. Nikaandika Busara. Hayumo. Basi nikaanza kuisoma orodha jina moja moja, na juu kabisa, mtu wa mwisho aliyeandikiwa, nikayakuta mazungumzo yote, barabara, uvimbe, marahaba. Jina alilolihifadhi lilikuwa: Kibiriti, koti la Baba.

Siku ya kwanza. Kabla hata sijamaliza kujidai mwalimu. Alijua.

Chini kulikuwa na ujumbe mmoja ambao sikuwa nimeusoma. Ijumaa, saa tatu kasoro dakika tano. Tiki moja. "Nimemwomba nesi dakika kumi. Lifti imekufa, watu wangu wanaitafutia kifaa. Wewe panda polepole, una kifua. Umekula?"

Nikaiwasha simu yenye ufa. Ilichukua muda kuwaka. Halafu ikalia, ujumbe ukaingia, na kwenye simu ya Kaka tiki ikawa mbili.

Sijala tangu jana. Nilitamani kumjibu hilo.

Picha nimeisafisha. Naye amevaa koti la Baba, bila shaka, siku ile alikuja na fulana. Kifungo cha Mama kimetoka vizuri. Nimemkabidhi Shemeji. Akaishika kwa mikono miwili, akaniambia Kaka alikuwa akisoma ujumbe wa yule mzee kwa sauti jioni, anacheka mpaka tumbo linamuuma, na kwamba wiki ile ya mwisho ndicho kitu pekee kilichomchekesha. Akaniuliza kama hilo litanisaidia au litaniumiza.

Nikasema sijui. Hata sasa sijui.

Jumatatu, 17 Juni

Tumezika jana.

Nilisimama mbele ya wote nikasema maneno. Sikuwa nimeyaandika. Nilisema siasa imenila dakika kumi na tano ambazo sitazipata tena, na kwamba mimi, Kibiriti, kuanzia leo sitabishana na ndugu yangu yeyote kuhusu chama chochote, mpaka nami niwekwe pale. Spika alilia sana. Jioni akanirudisha kundini. Hakuna aliyetania.

Mimi ndiye mkubwa sasa. Walipanga foleni kuniamkia, wapwa, wajukuu, hata Spika mwenyewe. Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Nimeitikia mpaka koo limekauka. Mwishoni nikageuka kumtafuta wa kumwamkia mimi, kwa mazoea tu. Sina tena.

Jumamosi, 22 Juni

Siku sita nimetimiza ahadi. Ni rahisi kuliko watu wanavyodhani.

Leo mpwa wangu, mtoto mkubwa wa Spika, karani wa benki, ameandika kundini kwamba Ngazi wameshaiba kura hata kabla ya kupigwa. Ati kama heshima kwa marehemu, kwa kuwa marehemu alikuwa Ufunguo! Kibiriti hakusema neno. Kibiriti aliweka simu chini, akanawa uso, akapiga picha tatu za pasipoti. Ahadi ni ahadi.

Lakini aliyeahidi ni Kibiriti.

Nimekaa nikatafakari kwa utulivu kosa langu lilikuwa wapi. Nimeliona. Ni kifungo. Lilikuwa kosa la kiufundi, na fundi picha mwenye miaka ishirini kazini hakupaswa kulifanya. Laiti ningeikata ile picha shingoni, Kaka asingejua, na mambo mengi yangekwenda vingine.

Nimefungua droo ya Wasiorudi. Nimempata mama mmoja mwenye miwani na kilemba, uso wa upole. Bibi Subira, mkunga mstaafu, miaka sitini na minane. Nimemkata juu kabisa, chini ya kidevu. Hakuna koti, hakuna kola, hakuna hata uzi. Nimekagua kwa kioo cha kukuzia.

Saa kumi jioni nikamwandikia mpwa, kwa simu ileile yenye ufa. Ujumbe mfupi, wa kiutu uzima, kuhusu vijana na adabu ya kusema mambo wasiyo na ushahidi nayo. Niliusoma mara tatu kabla ya kuutuma. Mwanzoni hakuna shikamoo! Nimejifunza.

Alijibu haraka. Aliandika: shikamoo mjomba.

Nikajibu marahaba, kabla sijafikiri.

Nimeirudia ile picha chini ya taa zote mbili. Sijui amejuaje. Shingo niliikata vizuri kabisa.